Breki ya Upande wa Abiria

Mume wangu amefundisha watu kuendesha gari kwa miaka mingi, na wanafunzi wake humwita Mwalimu Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno analolitumia kuliko mengine yote. Mimi sijawahi kumwita hivyo. Mimi ni fundi wa mapazia, hasira zangu ziko karibu, na nikiambiwa "taratibu" ndiyo kwanza napandwa na mori.

Kama hujawahi kukaa kwenye gari la chuo cha udereva, nikueleze kidogo. Usukani ni mmoja lakini breki ni mbili. Moja iko miguuni kwa mwanafunzi, na nyingine iko upande wa abiria, anakokaa mwalimu. Mwanafunzi akikosea, mwalimu anakanyaga. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, mengine ni maneno tu.

Na wanafunzi wanakosea jamani. Kuna aliyekuwa akifumba macho kila alipopishana na lori. Kuna mwingine, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee wa watu mwenye adabu zake, ambaye kila alipomwona mtu anayemfahamu alisimamisha gari katikati ya barabara ili amsalimie vizuri, amuulize habari za nyumbani na za wagonjwa. Kumpungia mtu mkono huku umekaa, alisema, ni kumdharau. Magari ya nyuma yanapiga honi, madereva wanatoa vichwa dirishani na kutukana mpaka matusi yanawaishia, na mume wangu yuko pembeni, mikono mapajani, anasubiri salamu ziishe. Kisha anasema, "Haya, mzee, gia ya kwanza. Taratibu."

Mguu wa kulia wa mume wangu ulikuwa haujui kupumzika. Hata nyumbani, akitazama mpira kwenye televisheni, mchezaji akikimbia vibaya utamwona mtu anakanyaga sakafu. Kanisani ndiyo usiseme. Mhubiri akishika kasi, akianza kuruka kutoka jambo hili kwenda lile, mguu wa mume wangu unakandamiza chini ya benchi pole pole, kama vile anataka kumsaidia apunguze mwendo kabla ya kona. Watoto wetu walipokuwa wadogo walikuwa wanakaa naye makusudi ili wautazame ule mguu, na mimi nilikuwa nikiwafinya wasicheke huku nikijiuma mdomo nisicheke mimi.

Hakuzaliwa mpole. Nilipoolewa naye alikuwa dereva wa lori, na nilimwona kwa macho yangu akilipiga teke tairi lililopasuka mpaka akarudi kwangu anachechemea. Kilichombadilisha ni kule kukaa pembeni. Jioni moja nilikuwa nimefura kwa sababu bomba la jikoni lilikuwa limekauka tena, nami nina sabuni mpaka kwenye viwiko. Akanitazama, akasema, "Mama watoto, tangu asubuhi nimekaa na watu wanaotaka kuniua bila kukusudia. Nimerudi mzima. Sasa unataka nigombane na bomba?"

Nikamwambia bomba halitaki ugomvi, linataka ndoo. Akaenda kuchota ndoo ya maji kwa jirani, na alirudi nayo akimshukuru Mungu kwa jirani mwenye pipa.

Ndivyo alivyokuwa. Nikiunguza pazia la mteja kwa pasi, anasema pazia nalo lina upande wa ukutani. Mwanafunzi akivunja taa ya nyuma, anashukuru kwa taa ya mbele. Niliwahi kuletewa kazi na mteja aliyepima dirisha lake kwa kamba, kisha akaikata ile kamba kufungia mzigo wake wa mkaa, akaja mikono mitupu kuniuliza kama nakumbuka urefu wake. Dirisha lenyewe sijawahi kuliona. Nilinuna siku nzima. Mume wangu aliposimuliwa alicheka mpaka akatoa machozi, na wakati wa kula akamshukuru Mungu kwa watu wote wenye madirisha.

Sala yake ya chakula ilikuwa na sifa mbaya nyumbani kwetu. Ilikuwa ndefu. Hakuwa mtu wa kushukuru kwa jumla jumla, alikuwa anataja. Anashukuru kwa lori lililompisha, kwa mbwa aliyewahi kuvuka, kwa yule dada aliyeipata gia ya tatu baada ya kuitafuta tangu mwezi uliopita. Aliwahi kushukuru kwa askari wa barabarani aliyewasimamisha bila sababu, eti kwa kuwa kule walikokuwa wanakimbilia palikuwa na ng'ombe. Huku mchuzi unaganda. Nilikuwa nikimpiga mguu chini ya meza, naye anaongeza shukrani moja kwa ajili yangu, makusudi, ili nikome.

Nilimuuliza siku moja kama huwa hakasiriki kabisa, maana mtu asiyekasirika ananitia wasiwasi. Akasema, "Nakasirika sana. Ila nikishamaliza kushukuru, nakuta nimesahau nilikuwa nimefika wapi kwenye ile hasira."

Sasa niseme na kasoro yake, nisije nikaonekana nampamba kwa kuwa ni wangu. Shukrani ilikuwa inamfanya asiseme kinachomuuma. Ana kisukari, alishaambiwa na madaktari, na dawa alikuwa akizimeza siku akikumbuka. Nikimwona anaukung'uta mguu asubuhi kabla ya kuvaa kiatu, namuuliza una nini. "Ganzi tu," anasema. "Si kitu. Ahsante Mungu nina miwili." Ukishajibiwa hivyo unasema nini tena? Nilikuwa narudi kwenye cherehani yangu.

Mwanafunzi aliyetuingiza katika mambo haya alikuwa mkunga. Anafanya kazi zahanati iliyo nyuma ya soko, mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini. Zahanati ilikuwa imepata kigari cha kuchukulia akina mama wanaoshikwa na uchungu majumbani, lakini haikupata dereva. Kigari kikakaa chini ya mti kinakula vumbi, na akina mama wakaendelea kuletwa kwa mikokoteni na migongo ya pikipiki. Wenzake wakakubaliana kuwa yeye ndiye ajifunze, kwa kuwa ndiye asiyetetemeka mbele ya damu. Mbele ya usukani alitetemeka. Mume wangu alinisimulia jinsi alivyoushika kwa mikono yote miwili kana kwamba unateleza. Alikuwa anaupenda moyo wa yule mama. Kila jioni alikuwa na shukrani ya mkunga.

Siku ya siku walikuwa wanatoka uwanja wa mazoezi kwenda barabarani. Mbele ya geti akapita mtu na mkokoteni wa maji. Mume wangu akasema, "Breki, mama, taratibu." Mkunga akachanganyikiwa, akakanyaga mafuta. Gari likaruka. Mkokoteni ukawahi kupita, gari likaenda likagonga nguzo ya geti, nguzo ikabaki imesimama na gari likafinyika pua.

Mume wangu hakupata hata mkwaruzo. Mkunga alijigonga kwenye usukani, akavimba paji la uso. Fundi wa chuo akaja, akapima breki zote mbili, akasema nzima kabisa. Mwenye chuo akahitimisha mwenyewe, bila kumuuliza mtu: mama amekanyaga mafuta kwa nguvu zote, gari limekwenda kasi, mwalimu angefanya nini? Akamwambia mkunga, kwa upole lakini mbele za watu, "Mama, labda gari si fungu lako. Si kila mtu ni wa kuendesha." Mkunga akashukuru, akachukua mkoba wake, akaondoka ameshika paji la uso. Hakurudi tena chuoni.

Yote hayo niliyasikia kwa mume wangu jioni ile ile, kasoro jambo moja. Nilimpa pole, nikamkagua mabega na shingo, nikapakua chakula. Akakunja mikono, akainamisha kichwa, nami nikajiandaa kwa sala ndefu kuliko zote, maana siku hiyo kweli kulikuwa na la kushukuru. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akasema, "Tule."

Nisidanganye, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilikula mchuzi wa moto mezani kwangu. Kesho yake ikawa vile vile, "Tule." Na kesho kutwa yake. Akaacha na kucheka. Chuo kilimpa gari lingine na mwanafunzi mwingine, anakwenda, anarudi, anakaa. Nilimsimulia kuhusu mteja aliyerudisha mapazia akidai maua ya kitambaa yanamtazama akilala, kitu ambacho zamani kingetupa kicheko cha wiki nzima, akasema tu, "Pole." Nikaanza kuichukia ile "tule" yake. Chakula kilikuwa cha moto na hakinipiti kooni.

Nikamkabili. Sikungoja amalize kuvua kofia. "Baba watoto, kama umenichoka niambie. Kama Mungu ndiye aliyekuudhi, niambie pia nijue."

Akakaa kwenye kiti changu cha cherehani, maana ndicho kilichokuwa karibu. Akasema, "Siku ile mimi nilikanyaga sakafu."

"Ulikanyaga nini?"

"Sakafu. Breki ilikuwa pembeni ya kiatu changu. Nilikandamiza kwa nguvu zangu zote, nikangoja gari lisimame. Mguu haukuniambia. Nilipotazama chini, tayari tumegonga."

Nikabaki nimeshika mkasi. Nilielewa mara moja, na nilichoelewa kwanza si mguu, ni kazi. Mwalimu wa udereva asiyejua mguu wake uko wapi hana kazi. Mapazia yangu hayawezi kutubeba wote wawili.

"Lakini yule mama alikanyaga mafuta," nikasema. "Alikanyaga au hakukanyaga?"

"Alikanyaga."

"Basi kosa ni lake. Wewe umelazimishwa na nani kujitwika?"

"Mwanafunzi kazi yake ni kukosea, mama watoto. Anakuja pale ili akosee. Breki ni kazi yangu."

Nikapandisha sauti. Nilimwambia hakuna aliyekufa, nguzo imesimama, gari limeshanyooshwa, na yule mama mwenyewe hana neno naye. Nikamwambia yeye si ndiye bingwa wa kushukuru, basi ashukuru kwamba hakuna aliyeona. Hapo akaniangalia, na sikuwahi kuona macho yake hivyo.

"Ndilo ninalojaribu kila siku mezani," akasema. "Nikitaka kusema ahsante Mungu kwa kutuokoa, namwona yule mama ameshika paji la uso wake, anaambiwa gari si fungu lake. Nitashukuru vipi kwa jambo nililomtwisha mwenzangu? Nimejaribu kushukuru kwa mengine, kwa chumvi tu, kwa maji. Haitoki. Kila nikianza, ile inakaa mlangoni."

Nilikasirika zaidi. Nilirudi kwenye mashine, nikashona pindo upande upande, nikalifumua, nikalishona tena. Niliogopa. Mtu anaweza kukaa na mume anayeshukuru kwa kila kitu, akamcheka, akampiga mguu chini ya meza, bila kujua kwamba ndiye anayemwegemea. Miaka yote ile bomba likikauka, uzi ukikatika, mteja akinichefua, nilikuwa nalalamika kwa raha zangu kwa kuwa nilijua kuna mtu anashukuru kwa niaba ya nyumba nzima. Sasa amenyamaza, na kila kero ndogo imekuwa na uzito wake kamili.

Asubuhi nikamkuta anapiga viatu rangi. Sikumuuliza anakwenda wapi. Nilivaa gauni langu la kutokea, nikafunga kitambaa kichwani, nikamwambia, "Twende. Lakini ujue nimenuna."

"Naona," akasema.

Tulianza kwa mwenye chuo. Alikuwa anakunywa chai ofisini kwake, mlango wazi, na pembeni yake ile meza kubwa iliyochorwa barabara na njia panda, yenye vigari vya kuchezea vya kufundishia alama. Mume wangu hakukaa. Alieleza kwa maneno machache, tangu ganzi mpaka sakafu. Mwenye chuo akaweka kikombe chini. Alisema, "Mwalimu, unajua umesema nini?" Mume wangu akajibu anajua. Mwenye chuo akasema kwamba angeweza kujifanya hakusikia. Mume wangu akasema yeye ndiye hawezi tena kujifanya hakusema. Basi yule bwana akanyoosha mkono, na mume wangu akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akamwekea kiganjani. Hakuna aliyemfokea mwenzake. Mimi nilitazama vile vigari mezani ili nisimtazame mume wangu.

Tulipofika zahanati benchi lilikuwa limejaa akina mama wajawazito. Wakasogea, tukabanana mwishoni. Mmoja akaniuliza kama mkwe wangu yuko ndani, nikasema hapana, tumekuja kuomba radhi, akanitazama kama mtu asiyejua kama ni utani. Kigari chao tulikiona kupitia dirishani, kioo kimejaa vumbi, kuku wamepumzika chini yake.

Mkunga akatoka kumwita mwingine, akatuona. Uvimbe ulikuwa umeshuka, imebaki alama ya rangi ya zambarau juu ya jicho. Akasema, "Karibuni, mwalimu. Mama, karibu. Kuna mgonjwa?" Akatuingiza kwenye chumba kidogo chenye kitanda, ndoo ya maji yenye koki, na kabati la vioo. Mume wangu akakaa ukingoni mwa kitanda kwa kuwa hapakuwa na pengine.

Akaanza. Alisema amekuja kwa sababu kuna maneno aliambiwa mkunga ambayo hayakuwa yake. Kwamba siku ile breki ilikuwa ya mwalimu, na mwalimu alikanyaga sakafu. Kwamba gari ni fungu la mkunga kabisa, mikono yake ilikuwa imeanza kutulia, na angekuwa na mwalimu mwenye mguu mzima leo angekuwa barabarani. Alieleza yote, na mkunga alisikiliza bila kupepesa. Nilikuwa nangoja amkasirikie, na nilikuwa nimeshajiandaa kumtetea mume wangu, ingawa nilikuwa nimemnunia.

Mkunga hakuzungumzia gari hata kidogo. Alisema, "Unasema hukuisikia breki?"

"Sikuisikia."

"Wala sakafu?"

"Nilisikia tu kwamba nimekanyaga. Nini, sikujua."

"Vua kiatu, mwalimu."

Mume wangu akasema hapana, hakuja kwa hilo, kuna akina mama wanangoja. Mkunga alikuwa ameshapiga magoti. Akafungua kamba mwenyewe, akavuta kiatu, kikagoma kidogo, kikatoka, soksi ikabaki imeng'ang'ania unyayoni. Akaimwagia maji pole pole mpaka ikaachia. Mume wangu akaendelea na maneno yake. Alikuwa anasema atakwenda kwa wenzake pale zahanati awaeleze mmoja mmoja, ili wasidhani walimchagua vibaya. Mkunga alikuwa ameuinua unyayo kwenye mwanga wa dirisha, na mimi nikaona anachokiona. Katikati ya unyayo, nyuma ya vidole, palikuwa na shimo lenye ukingo mweupe, na ndani ya shimo kitu cheusi. Alichukua kibanio, akashika, akavuta. Ulikuwa msumari mdogo, umevunjika kichwa.

Mume wangu alikuwa bado anaomba radhi.

Mkunga aliuweka msumari kwenye kisahani, ukalia, na hapo ndipo mume wangu alipoinama kutazama na kuuliza ni nini hicho. Sijui aliukanyaga wapi. Nyumba yetu ina misumari ya kutundikia mapazia kila kona, na sitaki kufikiria zaidi ya hapo. Ulikuwa umepenya soli na kukaa humo siku nyingi, na mtu anatembea nao, anapanda nao gari, anarudi nao nyumbani, anakaa nao mezani.

Nisikuweke roho juu bure: mguu upo. Mkunga alitupeleka yeye mwenyewe hospitali kubwa mchana ule ule, kwa gari la kukodi, na daktari akatuambia tungechelewa kidogo angekuwa anazungumza nasi habari ya kukata mguu kwenye goti. Walikata kidole kimoja tu. Mkunga alirudi chuoni akapewa mwalimu mwingine, na leseni anayo; kuku wametafuta kivuli kingine. Mwenye chuo baada ya muda alimwita mume wangu, akampa ile meza ya vigari, na sasa anafundisha alama na njia panda akiwa amekaa, viatu vyake vipana alivyoagizwa na daktari chini ya meza. Kipato kimepungua na maneno yangu yameongezeka. Lakini hayo yote yalikuja baadaye. Pale chumbani hatukujua lolote kati ya hayo. Tulichojua ni kwamba kazi imekwenda, na mguu huenda ukafuata.

Mkunga alisafisha kidonda, kisha akachukua kifuniko cha kalamu. Akasema, "Fumba macho, mwalimu. Nitakugusa. Ukisikia, sema."

Mume wangu akafumba. Akakaa wima, mikono mapajani, kama anavyokaa garini. Mkunga akamgusa kidole gumba. Kimya. Akagusa cha pili, cha tatu. Akabonyeza unyayo mpaka ngozi ikaingia ndani na kuwa nyeupe, akashikilia, akaachia. Akapita kisiginoni. Mimi nilikuwa namtazama mume wangu usoni. Alikuwa amekunja paji la uso, anasikiliza kwa bidii zote, hataki kukosa.

"Umeanza?" akauliza.

Mkunga hakumjibu. Niligeukia kabati la vioo nikasoma majina ya dawa, na sikuona hata herufi moja kwa machozi. Nilimsikia mkunga akivuta pumzi, akaendelea. Juu ya mguu. Pembeni. Kifundo. Nikageuka tena kwa kuwa kutotazama kulikuwa kubaya zaidi. Kifuniko cha kalamu kikapanda upana wa vidole viwili juu ya kifundo.

"Hapo," mume wangu akasema. "Hapo nasikia."

Mkunga akarudia ili ahakikishe. "Hapa?"

"Hapo hapo. Nasikia vizuri kabisa."

Na hakufumbua macho. Midomo ilimcheza kidogo, halafu akasema, "Ahsante Mungu. Ahsante kwa hapo." Akanyamaza, nikadhani imeishia njiani tena. Haikuishia. Akashukuru kwa nguzo ya geti, kwamba ilisimama mahali ambapo angeweza kusimama mtu. Akashukuru kwa mtu wa mkokoteni na kwa maji yake yaliyofika. Akashukuru kwa paji la uso la mkunga kwamba ni gumu, na mkunga, mguu wa mume wangu ukiwa mapajani mwake, akacheka kwa pua. Akashukuru kwa mwenye chuo aliyepokea ufunguo bila kumtukana. Akashukuru kwa mke aliyekuja huku amenuna. Alitaja mambo ambayo yalikuwa yamerundikana tangu siku ile ya ajali, moja baada ya jingine, hata chumvi, hata mchuzi wa moto alioula bila kuusemea neno.

Nje benchi lilikuwa limejaa na jua limeshapanda. Mkunga alikuwa na kazi, nami nina mapazia ya watu. Hakuna aliyemharakisha, hata mimi.